Mizizi ya Mlima

Somo: Ayubu 28

(Mazungumzo haya yalisomwa katika kipindi cha ibada redioni. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wale walioomba wayasome tena pamoja na sharika zao.)

Twawasalimu ninyi mlio nyumbani, ninyi mlio safarini, ninyi mlio kitandani kwa ugonjwa, na ninyi akina mama mnaosikiliza huku mkichagua ndengu. Neno hili twalileta kutoka Kithyoko, upande wa Masinga katika Machakos, kando ya barabara kuu itokayo Thika kwenda Garissa. Kwetu ni nchi kavu. Mvua ikija twashukuru, isipokuja twangoja. Basi mtu wa kwetu akisema habari za mlima, jueni kwamba anasema habari za maji.

Kama una Biblia karibu nawe, ifungue katika kitabu cha Ayubu, sura ya 28. Sura hii ni ya ajabu. Katikati ya maneno mengi ya uchungu, twakuta habari za wachimba madini, zimeelezwa kana kwamba msemaji alisimama mdomoni mwa shimo akawatazama. Asema jinsi wanavyopeleka taa mahali penye giza. Asema jinsi wanavyoning'inia kwa kamba, mbali na makao ya watu, mahali ambapo hata jicho la tai halijapaona wala simba hajapita. Asema kwamba juu ya ardhi watu wavuna chakula, na chini yake ardhi ile ile yapinduliwa kama kwa moto. Kisha asema mambo mawili ambayo twaomba myashike moyoni leo: mwanadamu huipindua milima toka mizizi yake, na mwanadamu huizuia mito isitirike.

Baada ya hayo anauliza swali. Mwanadamu amejua kuipata fedha na chuma na mawe ya thamani, je, hekima ataipata wapi?

Ndugu wapendwa, swali hilo limefika karibu nasi. Ukitoka hapa Kithyoko ukafuata barabara mpaka Mwingi, halafu ukageuka kuelekea kusini, utafika katika bonde la Mui, katika Kitui. Huko wataalamu wa serikali walipima ardhi na kutoboa visima vya majaribio kwa miaka mingi, nao walikuta makaa ya mawe. Bonde likagawanywa mafungu manne. Katika fungu moja peke yake ilitangazwa kwamba zimo tani milioni 400. Mwaka 2013 serikali ilitia sahihi mkataba na kampuni moja kutoka China kwa ajili ya mafungu mawili. Wananchi wengine walifurahi, wengine walikwenda mahakamani. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliyakataa mashauri yao, lakini katika hukumu ile ile majaji walieleza kwa urefu jinsi wananchi wanavyopaswa kushirikishwa kabla ya jambo kubwa namna hii kufanyika. Miaka zaidi ya kumi ilipita baada ya mkataba ule bila mgodi kufunguliwa.

Twajua wengi wenu mna ndugu huko. Mnajua maana ya kuishi katika shamba ambalo huna hakika kama litakuwa lako mwaka ujao. Nijenge nyumba ya mawe, au nisijenge? Nipande miembe, ambayo yataka miaka, au nipande kunde tu? Kaburi la baba nilifanyie saruji, au nitaambiwa nilihamishe? Hayo ndiyo maswali ya watu wanaongoja. Leo tunataka kufikiri pamoja nao mbele za Mungu. Hatusemi kama wanasiasa, wala hatusemi kama wafanya biashara. Twasema kama watu walioambiwa katika Mwanzo sura ya 2 kwamba bustani ni ya kulimwa na kutunzwa, mambo yote mawili pamoja.

Kwanza, tuseme kweli. Biblia haikatazi kuchimba. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 8, Musa anapowasifia Waisraeli nchi njema, anataja ngano na zabibu na asali, halafu anataja chuma kilicho katika mawe yake na shaba itakayochimbwa katika vilima vyake. Madini yamo katika orodha ya baraka. Na makaa ya mawe yamefanya kazi kubwa duniani. Yameendesha magari ya moshi, yameyeyusha chuma, yametoa umeme. Viwanda vyetu vya saruji vimetumia makaa yaliyoletwa kwa meli kutoka Afrika ya Kusini. Majirani zetu Watanzania waliufungua mgodi wa Kiwira mwaka 1988 kwa msaada wa China, katika nchi ya milima iliyo kusini-magharibi, karibu na mpaka wa Malawi. Ni mgodi wa chini kwa chini, na mito ya upande ule hushuka hadi Ziwa Nyasa. Kijana anayetafuta kazi akisikia habari za mgodi, moyo wake huruka. Tusimcheke. Njaa si jambo la kuchekwa.

Lakini hekima huuliza bei kabla ya kununua. Basi tuulize: mlima una thamani gani kabla haujachimbwa, na mgodi wa chini huigusaje thamani hiyo?

Fikirini kilima chochote mnachokijua, iwe ni katika Mutito, au Nuu, au Mbooni, au Iveti. Mtu wa mjini akikitazama huona mawe na vichaka. Mwenye ng'ombe huona malisho wakati bonde limekauka. Mwenye mizinga huona maua ya nyuki, kwani asali ya Mwingi yajulikana mbali. Mama mzee huona mizizi ya dawa na kuni. Lakini kazi kubwa ya kilima haionekani kwa macho. Mvua ya Novemba inaponyesha, majani na mizizi ya miti huipunguza kasi. Udongo huinywa. Maji hushuka polepole katika nyufa za mwamba, yakakaa humo kama maji katika mtungi uliofunikwa. Halafu mwezi wa Februari, na mwezi wa Agosti, wakati jua linawaka na mawingu yametukimbia, utaona chini ya kilima mahali palipo na unyevu, na nyasi kidogo za kijani, na chemchemi ndogo. Maji yale ni mvua ya miezi iliyopita. Kilima kilituwekea.

Ndiyo sababu mito yetu ya mchanga huwa na maji chini yake hata inapoonekana imekufa. Ndiyo sababu mama huchimba mchanga kwa kibuyu na kupata ndoo moja. Kilima ni ghala ya maji, nasi hatukuijenga.

Sasa makaa ya mawe yakiwa karibu na uso wa nchi, watu huyafukua kwa kuondoa udongo wote ulio juu. Yakiwa mbali chini, huchimbwa mgodi wa chini kwa chini. Hapo watu husema, "Afadhali huu, kwa maana juu miti itabaki imesimama." Kuna kweli katika neno hilo. Jeraha la juu ni dogo zaidi. Lakini twawaomba mfuatane nasi mpaka ndani.

Wachimbaji huingia kwa shimo au kwa njia ya mteremko. Huko ndani huyakata makaa na kuyatoa, wakiacha nguzo za makaa yenyewe ili paa la mwamba lisianguke. Lakini nguzo zile nazo ni makaa, nazo ni fedha. Kwa hiyo mara nyingi, mwishoni, nguzo huondolewa nazo. Iko pia namna nyingine ya kuchimba, ambapo mashine huukata ukuta mrefu wa makaa, na nyuma yake paa huachwa lianguke. Paa likianguka, mwamba ulio juu yake hushuka pia, na ulio juu ya huo, mpaka uso wa nchi unazama. Nyumba hupata nyufa. Shamba lililokuwa sawa huwa na bonde. Katika mteremko wa mlima, ardhi iliyopasuka yaweza kuteleza.

Na maji je? Ule mtungi wa mwamba umepasuka chini. Maji yaliyokuwa yakitoka kwenye chemchemi hupata njia mpya ya kushuka mgodini. Huko wachimbaji hawayataki, kwa hiyo huyavuta kwa pampu na kuyatupa nje. Mti wa juu bado umesimama, lakini chemchemi iliyo chini ya mti imekwenda. Aliyesimama barabarani atasema, "Mlima haukuguswa." Aliyekwenda na ndoo atasema neno lingine.

Liko na jambo la tatu. Ndani ya makaa na mawe yanayoyazunguka mara nyingi mna madini ya kiberiti na chuma, yaliyolala gizani bila kudhuru mtu. Yakiguswa na hewa na maji, hugeuka kuwa asidi, kama ile ya betri ya gari iliyochanganywa na maji mengi. Asidi ile huyeyusha chuma na metali nyingine, na maji hutoka mgodini yakiwa na rangi ya kutu. Mahali yanapopita, samaki hufa, wadudu wa majini hufa, na mawe ya kijito huvikwa tope la rangi ya machungwa. Hayakomi siku mgodi unapofungwa. Pampu zikizimwa, maji hujaa ndani, yakatafuta mlango. Katika nchi za Ulaya na Marekani iko migodi ambayo wenyewe walikufa zamani, na maji yake machungu bado yanatoka. Kampuni hufunga ofisi, lakini kijito hakina mahali pa kuhamia.

Moto nao? Katika mji wa Centralia, jimbo la Pennsylvania, Marekani, moto uliingia katika makaa yaliyo chini ya mji mwaka 1962. Ulishindikana kuzimwa. Karibu watu wote walihamishwa, na moto ule bado unawaka chini ya nchi.

Jambo la nne ni mawe. Anayechimba chini hatoi makaa matupu. Hutoa pia mawe na tope visivyouzwa, navyo lazima vimwagwe mahali. Juu ya jambo hili twataka kuwasimulia habari moja, nayo ni ya kweli.

Katika nchi ya Wales, Uingereza, kiko kijiji kiitwacho Aberfan. Watu wake walikuwa wachimba makaa, na wengi wao watu wa kanisa, waimbaji. Kwa miaka mingi mawe ya mgodi yalipandishwa juu ya mlima ulio nyuma ya kijiji na kumwagwa huko, mpaka yakawa vilima juu ya mlima. Kilima cha saba kilimwagwa juu ya chemchemi. Ndugu, sikieni vizuri: juu ya chemchemi. Watu wa kijiji walikuwa na wasiwasi. Barua ziliandikwa, miaka kabla ya msiba, zikionya juu ya hatari kwa shule iliyo chini. Hazikuzaa matunda. Siku ya Ijumaa, tarehe 21 Oktoba 1966, asubuhi, watoto wakiwa wameingia tu madarasani, kilima kile kilichojaa maji kiliteleza. Kilishuka juu ya shule na nyumba za karibu. Walikufa watu 144, na katika hao 116 walikuwa watoto.

Baba zao walipanda kutoka mgodini wakaja kuchimba kwa majembe na mikono, wakiwatafuta watoto wao. Tume ya uchunguzi ilitoa taarifa yake mwaka 1967, na lawama ikawekwa juu ya shirika la serikali lililosimamia makaa. Hata hivyo, vilima vingine vilivyobaki vilipotakiwa kuondolewa, sehemu ya gharama, pauni 150,000, ilichukuliwa katika fedha za rambirambi zilizochangwa na watu kwa ajili ya wafiwa. Fedha hizo zilirudishwa mwaka 1997, baada ya miaka karibu thelathini.

Hatukusimulia habari hii ili kuwatisha. Tumeisimulia kwa sababu yaonyesha mambo mawili. Mlima una kumbukumbu: chemchemi iliyofunikwa haikusahau njia yake. Na pili, walioonya walikuwa watu wa kawaida, waliojua mlima wao kuliko waliokaa na ramani.

Labda mtu atasema, "Lakini sisi wa Machakos twajua kutengeneza nchi iliyoharibika." Naam, hilo ni kweli, na twamshukuru Mungu. Mwaka 1937 Colin Maher, afisa wa serikali ya kikoloni aliyeshughulika na mmomonyoko wa udongo, aliandika habari za Ukambani kwa masikitiko makubwa. Vilima vilikuwa vimevuliwa nguo, udongo ulikuwa ukienda mtoni. Wengi walidhani nchi hii imekwisha. Lakini mwaka 1994 wataalamu watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walitoa kitabu wakionyesha kwamba watu wa Machakos walikuwa wameongezeka mara tano na zaidi tangu miaka ya 1930, na udongo ukawa unapotea kidogo kuliko zamani. Kulitokea nini? Kulitokea matuta, yale tunayoyaita fanya juu. Kulitokea mwethya: akina mama na akina baba wakikusanyika na majembe, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Baadaye tukajenga na mabwawa ya mchanga katika mito. Hakuna aliyetuhurumia kutoka mbinguni kwa ngazi. Mungu alitubariki kupitia mikono yetu.

Lakini ndugu, fikirini tofauti. Udongo uliokwenda na maji, mwethya waweza kuujengea tuta. Mti uliokatwa, mtoto wa shule aweza kupanda mwingine. Haya ni majeraha ya ngozi, na ngozi hupona. Mlima uliotobolewa mizizi, hakuna mwethya wa kuujaza. Hakuna jembe la kurudisha mwamba mahali pake wala la kuziba ufa ulio mita mia moja chini. Maji yakimwagika hayazoleki. Ndiyo maana jambo hili lahitaji hekima mwanzoni, si majuto mwishoni.

Turudi basi kwa Ayubu. Hekima iko wapi? Sura ile yasema haipatikani katika nchi ya walio hai kwa kununuliwa. Dhahabu haiwezi kuilipia. Kilindi chasema haimo ndani yake. Halafu jibu laja mwishoni: kumcha Bwana ndiyo hekima, na kujiepusha na uovu ndiyo ufahamu. Mtu aweza kuuliza, "Kumcha Bwana kwahusianaje na makaa ya mawe?" Twaona mambo matatu.

La kwanza, kumcha Bwana ni kukumbuka mlima ni wa nani. Katika Mambo ya Walawi 25:23 Mungu awaambia watu wake kwamba nchi ni yake, na wao ni wageni na wapangaji kwake. Katiba yetu ya mwaka 2010 yasema madini yote ni mali ya umma, ingawa shamba lililo juu laweza kuwa lako. Basi wewe una hati ya juu, na serikali ina neno juu ya chini. Lakini Maandiko yaenda mbele zaidi: juu na chini, vyote ni vya Bwana. Raia na waziri wote wawili ni wapangaji. Mpangaji mwema hauzi nguzo za nyumba.

La pili, kumcha Bwana ni kujua kwamba bei na thamani si kitu kimoja. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 yasema kwamba katika mrabaha unaolipwa na mchimbaji, asilimia 70 ni ya serikali kuu, 20 ni ya kaunti, na 10 ni ya jamii ya mahali pale. Hayo ni mazuri, na yadaiwe bila woga. Lakini ni nani aliyeandika katika daftari thamani ya chemchemi ya Agosti? Nani amehesabu nyuki? Nabothi hakukataa kuuza shamba lake kwa sababu bei ilikuwa ndogo. Mfalme Ahabu alimpa hata shamba bora zaidi badala yake. Nabothi alikataa kwa sababu lilikuwa urithi wa baba zake, na urithi una watu ambao hawajazaliwa ndani yake.

La tatu, kumcha Bwana ni kumpenda jirani aliye chini ya mteremko. Maji hushuka. Anayetia sahihi juu mlimani huenda asinywe maji yale. Atakayekunywa ni mjane wa bondeni, mchungaji wa mbuzi, mtoto wa mwaka ujao. Bwana Yesu alipoulizwa jirani ni nani, hakutoa jibu la mipaka. Alionyesha mtu aliyelala njiani.

Sasa yatupasa kufanya nini? Ibada isiyofika mikononi ni kelele. Twapendekeza mambo machache ambayo usharika wowote waweza kuyafanya, uwe Mui au mahali popote penye mlima na madini.

Jambo la kwanza, andikeni maji yenu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Chukueni daftari moja la kanisa. Andikeni kila chemchemi na kila kisima, mahali kilipo, mwezi kinapokauka, ndoo ngapi hujaa kwa saa moja wakati wa kiangazi, rangi na ladha ya maji. Vijana wenye simu wapige picha na tarehe. Fanyeni hivyo kila mwaka kabla mgodi wowote haujaja. Siku mtu akisema, "Chemchemi hii ilikuwa imekauka tangu zamani," daftari litajibu, na wazee hawatakuwa peke yao.

Jambo la pili, ombeni kuiona taarifa ya mazingira. Sheria yadai kwamba athari kwa mazingira zichunguzwe kabla ya kazi kubwa kama hii, na wananchi wasikilizwe. Msiogope wingi wa kurasa. Yuko mwalimu katika usharika, yuko muuguzi, yuko kijana wa chuo. Wakae, wasome, wawaeleze wengine kwa Kikamba na Kiswahili. Waulize: maji ya mgodi yatapelekwa wapi? Mawe yatamwagwa wapi, na je, pana chemchemi chini yake? Nguzo zitaachwa au zitaondolewa? Nani atasafisha maji mgodi ukifungwa, na fedha za kazi hiyo zimewekwa wapi tangu sasa? Sheria ya mwaka 2016 yataka mchimbaji aweke dhamana ya kutunza mazingira. Yaulizwe makubwa ya dhamana hiyo. Na mjue kwamba maswali ya raia si bure. Mwezi wa Juni 2019, Mahakama ya Mazingira ya Taifa iliifuta leseni ya kituo cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa Lamu, na moja ya sababu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Jambo la tatu, msigawanyike. Wanaotaka mgodi na wasioutaka huketi katika benchi moja siku ya Jumapili. Anayetaka kazi si msaliti, na anayetetea chemchemi si adui wa maendeleo. Msiitane majina. Kanisa likipasuka kabla ya mlima, Shetani atakuwa amechimba bila leseni.

Na jambo la nne, walindeni wanaoingia chini. Mwaka 1972, katika mgodi wa Wankie, ambao sasa waitwa Hwange, huko Zimbabwe, mlipuko uliwaua watu zaidi ya 420 kwa siku moja. Gesi na vumbi la makaa havijui dini wala kabila. Ikiwa mgodi utafunguliwa siku moja, watakaoshuka watakuwa wana wetu. Thamani ya mlima na uhai wa mchimbaji si mambo mawili yanayoshindana. Anayeudharau mmoja huelekea kuudharau na mwingine.

Na ninyi ndugu zetu wa Mui mnaosikiliza, neno letu la mwisho ni kwenu. Mmengoja sana. Kungoja bila kujua kwachosha kuliko kazi. Hatuwezi kuwaambia kama makaa yatachimbwa au hayatachimbwa. Lakini twawasihi msiache kuishi. Yeremia, wakati mji ulipozungukwa na majeshi, alinunua shamba, akatia hati katika chombo cha udongo, kwa maana Mungu alimwambia kwamba nyumba na mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile. Pandeni miti. Chimbeni matuta. Mti uliopandwa kwa imani haupotei bure, kwani huitunza nchi hata siku moja tu, nayo humshuhudia mwenye nchi.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu, uliyeweka milima kabla hatujazaliwa, ukaficha maji ndani yake kwa ajili ya viumbe vyako, twakushukuru. Utusamehe pale tunapohesabu fedha na kusahau chemchemi. Wape viongozi wetu hekima ambayo haichimbwi wala hainunuliwi. Walinde wanaofanya kazi chini ya nchi, katika mataifa yote. Wafariji waliopoteza watoto kwa sababu onyo halikusikilizwa. Wape watu wa Mui amani, na haki, na mvua. Na sisi sote utufanye wapangaji waaminifu mpaka siku utakapokuja kutuuliza habari za nyumba yako. Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.